Weusi Usiong'aa

Ukitaka kumuudhi fundi huyu, mwambie nyeusi ni nyeusi tu. Atasimamisha cherehani, atavua miwani, na atakuuliza kama maziwa na chokaa navyo ni kitu kimoja kwa kuwa vyote ni vyeupe. Kwake kulikuwa na nyeusi ya bei poa, inayometameta viwikoni kabla mwenye nguo hajaizoea. Kulikuwa na nyeusi ya kuchovya, ambayo ukiifua mara mbili tatu inageuka kahawia. Halafu kulikuwa na nyeusi yenyewe, ya sufu nzito, inayomeza mwanga wote wala isirudishe hata chembe. "Nyeusi ya kweli haing'ai," alikuwa akisema, na wateja waliomjua walinyamaza, maana kubishana naye kuhusu kitambaa ni kujitafutia maneno.

Siku hizi hakuwa na wateja wengi wa kubishana nao. Alikuwa ameajiriwa na taasisi moja ya uhandisi, na akiieleza kazi yake watu walidhani anatania: aliwashonea nguo watu wa sponji. Wahandisi walikuwa wakitengeneza gari la kumsaidia dereva. Nyuma ya kioo cha mbele walifunga kamera, kamera ikapeleka picha kwenye kompyuta, na kompyuta ikimwona mtu anakatiza barabara inafunga breki yenyewe hata kama dereva kalala fofofo. Sasa, huwezi kumwambia mtoto wa watu akatize mbele ya gari ili uone kama litasimama. Ndiyo maana palikuwa na sanamu. Sanamu ilisimamishwa juu ya kibao chenye magurudumu, kibao kikavutwa kwa waya kukatiza lami, na gari likaja. Likisimama, watu walipiga makofi. Lisiposimama, sanamu iliruka vipande vipande, na fundi akaitwa na sindano yake.

Vijana wa maabara walikuwa wameshazipa sanamu majina. Ile ya kike waliiita Dada. Ile kubwa ya kiume waliiita Mjomba.

"Mama, Mjomba kavunjika bega tena," walikuja kumwambia.

"Mjomba naye anajitakia," alijibu. "Mtu mzima anavuka hatazami kushoto wala kulia, kama barabara ya baba yake."

Walicheka, naye alicheka. Lakini alipobaki peke yake katika chumba chake cha nyuma ya karakana, chenye harufu ya mpira na mafuta ya gari, aliushona mkono wa Mjomba polepole, kwa mishono midogo midogo, kama anayeogopa kumuumiza. Mume wake alikufa barabarani.

Alikufa jioni moja ya mvua, akitoka kazini, kwenye kona iliyo karibu na kiwanda cha mbao. Na aliyemgonga hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wa marehemu wa tumbo moja, dereva wa gari la mkate, kipenzi cha nyumba ile, aliyekula kwao mara nyingi kuliko alivyokula kwake. Ndugu hao walikuwa chanda na pete. Hata nywele walinyoana wenyewe kwa wenyewe, wakidai vinyozi wote wezi, na walitoka hapo wameharibiana vichwa wakicheka mpaka machozi.

Tangu saa ile ya kwanza, akiwa bado amepiga magoti kwenye maji ya barabarani, mdogo mtu alikuwa na neno moja tu: "Sikumwona." Aliwaambia polisi hivyo, akawaambia wakubwa wa familia hivyo, akamwambia mama yake mzazi hivyo. Polisi walipima walivyopima, wakamwachia. Mjane hakumwachia.

"Hukumwona vipi?" alimuuliza mbele za watu, msiba bado mbichi. "Mtu mrefu vile, mabega kama mlango, humwoni? Kwani alikuwa sindano?"

"Shemeji, naapa, sikumwona."

"Ulikuwa na simu mkononi. Nyinyi madereva wote ni wamoja. Sema tu ulikuwa na simu."

"Sikuwa na simu, shemeji."

"Basi siku utakayosema ukweli, mlango uko wazi. Kabla ya hapo, nisikuone kwangu."

Hakuna aliyemweza. Nyumba alikuwa ameijenga yeye na marehemu, tofali kwa tofali, na hakuna wa kumpangia nani aingie. Shemeji aliacha udereva, akaomba kazi ya ndani palepale kwenye kiwanda cha mikate, ya kubeba magunia ya unga. Miaka ikapita. Wasuluhishi walikuja, wakanywa chai, wakarudi walivyokuja. "Sitaki fidia, sitaki kupigiwa magoti," mjane aliwaambia. "Nataka neno moja la kweli. Nimenyimwa mume, ninyimwe na ukweli?" Na ukweli aliokuwa akiudai ni ule alioutunga mwenyewe. Hilo nalisema mimi, yeye asingekubali hata umkate kidole.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe. Bibi huyo aliishi na mkwewe, na walipendana kweli, yaani waligombania chumvi na sauti ya redio kama mtu na mama yake. Lakini alizaa wana wawili, mmoja amekufa na mwingine amepigwa marufuku. Kwa hiyo mwanawe alikuja kwa wizi. Fundi akiwa kazini, alisimama nje ya dirisha la chumba cha mama yake, wakazungumza kupitia nondo, akaacha mkate kwenye ukingo wa dirisha, akaenda zake. Fundi alijua. Mkate aliuona, hakuuliza, na hakuutia mdomoni.

Bibi alipoanza kuumwa ugonjwa wa kutotoka kitandani, alimwita mkwewe akamshika kiganja.

"Mwanangu, mruhusu aingie. Nataka kumshika tu. Pale dirishani simfikii."

"Mama, mimi sijamzuia. Aseme ukweli, aingie."

"Na kama ukweli ndio huohuo anaousema?"

"Mama, hata wewe?"

Bibi akayaachia hapo. Alikuwa akilishwa na kuogeshwa na mikono ileile aliyoishika, na hakutaka kumvunja moyo mwenye mikono hiyo.

Ni katika siku hizo Mhandisi alipoingia kwenye chumba cha kushonea. Alikuwa binti mpole, mwenye kalamu anayoisahau nyweleni kisha anaitafuta jengo zima, na ndiye aliyeongoza utafiti wote. Alisema gari linawaona watu vizuri mchana. Sasa walitaka kulijaribu jioni, lami ikiwa imeloa, na sanamu zivae kama watu wanaotoka kazini.

"Nguo za kawaida, mama. Zile watu wanazovaa kweli."

Hapo wazo lilimwingia fundi, likakaa. Juu ya rafu, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na kipande kikubwa kilichobaki cha kitambaa cha koti la marehemu. Kifua cha mume wake kilikuwa hakipatani na baridi, na yeye alizunguka duka kwa duka, akikataa hiki na kile, akivigeuza mbele ya taa za wauzaji waliomchoka, mpaka akapata sufu ile nzito, nyeusi yenyewe. Akamshonea koti refu la kufika magotini, lenye kola ya kuinua. Mume alilivaa kama amepewa cheo. Wenzake kazini wakamwita Jaji, naye akajifanya kukasirika huku akijitazama kwenye kila kioo alichokipita. Ndilo alilokuwa amelivaa jioni ile.

Sasa fundi alijiambia: nitamvika Mjomba koti kama lile. Jioni, maji barabarani, kila kitu kama siku ile. Mashine haina undugu na mtu, haina huruma, haina simu ya kuchezea. Ikimwona Mjomba ikasimama, nitawaita wote na bibi akiwa kitandani pake, niseme: hata bati na waya vimemwona, itakuwa binadamu mwenye macho mawili? Alishona siku ile bila kuinua kichwa, na chai aliyoletewa ilipoa na kuota utando.

Lakini majaribio yalichelewa. Kamera iliharibika, nyingine ikaagizwa, na koti likabaki limening'inia ukutani. Na nyumbani bibi akazidi kuisha, mpaka shuka likawa limelala karibu tambarare juu yake.

Ndipo shemeji alipokuja mchana kweupe, mlango wa mbele. Alikuwa amevaa shati la kupiga pasi, ingawa unga ulibaki nyuma ya masikio. Fundi alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amuuguze mama. Alisimama kizingitini wala hakupisha.

"Shemeji, nimekuja kusema."

"Sema."

"Nilikuwa na simu." Alikuwa anatazama miguu yake. "Nilikuwa nasoma ujumbe. Nilipoinua kichwa nikawa nimeshamfikia."

Fundi alikuwa akiyangoja maneno hayo kwa miaka, na siku zote alidhani yakija atapiga kelele. Badala yake alishika fremu ya mlango.

"Kumbe," alisema. "Kumbe miaka yote hii."

"Naomba nimwone mama."

Angempisha hapo, yangeishia hapo. Lakini alikuwa ameshinda, na alitaka ushindi wake usikike mpaka chumbani.

"Utamwambia na yeye. Miaka yote mama ananiona mimi ndiye mwenye roho mbaya, kwa ajili ya uongo wako. Mwambie kwa mdomo wako."

Shemeji alimtazama sana. "Hata mama, shemeji? Hali yenyewe ndiyo hiyo?"

"Hata mama."

Akaingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama yake mkono, na bibi akatabasamu jinsi ambavyo fundi hakuwa amemwona akitabasamu tangu msiba. Kisha mwanawe akasema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema yote, simu na ujumbe na kichwa kilichochelewa kuinuka. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa nakutetea," alisema. "Kila mtu aliyekuja hapa, nilikutetea."

"Nisamehe, mama."

Bibi akautoa mkono wake kwenye mikono ya mwanawe. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa na nguvu. "Basi nikifa, usinizike wewe," alisema. "Mikono hiyo isinishike." Akageukia ukutani.

Fundi, pale mlangoni, alitaka kusema mama, usifike huko. Shemeji alisimama, akapita karibu naye, akatoka.

Haikupita wiki, bibi akafariki. Mazikoni shemeji alisimama nyuma ya watu wote, mikono mfukoni. Walimwita aje ambebe mama yake, akawatikisia kichwa. Watu wakanong'ona, na kufikia jioni hakuna aliyekuwa hajasikia habari ya simu. Fundi alijitahidi kujisikia mtu aliyepata haki yake. Alipika, alifua shuka za bibi, alipunguza sauti ya redio ambayo sasa hakuna aliyeipandisha.

Siku ya majaribio ilipofika, hakuwa na haja nayo tena. Alikwenda kwa kuwa ni kazi, na kwa kuwa vifungo vya koti vilihitaji mtu wa kuvifunga. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya miti. Alimvika Mjomba, akamwinulia kola, akampangusa mabega bila kujijua, akarudi nyuma ya kamba.

Kwanza walimpitisha Dada, katika gauni lake la rangi ya udongo. Gari lilikuja, likafunga breki, likasimama mbali naye. Makofi yakapigwa. Kisha wakampitisha Mjomba.

Gari lilikuja kwa mwendo uleule. Halikupunguza. Lilimpitia Mjomba katikati kama vile hapakuwa na kitu, na mkono mmoja wa sponji ukaruka mpaka miguuni kwa fundi.

Vijana wakashangilia. Watu wa utafiti ndivyo walivyo, kosa likijitokeza uwanjani kwao ni heri, kwa sababu watalirekebisha kabla halijatokea barabarani. Mhandisi alikuja mbio, kalamu ikimdondoka.

"Mama, hiki kitambaa umekitoa wapi? Kompyuta imeona viatu, imeona kipande cha uso, ikaona havina mwili katikati, ikavipuuza! Koti halirudishi mwanga hata kidogo. Tungekitafuta mwaka mzima tusingekipata."

"Ni mashine hiyo," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mashine haina akili. Mtu angemwona."

Dereva wa majaribio, mtu mzima aliyekaa kwenye usukani kwa tahadhari tu, alikuwa ameshuka na anajifuta uso. "Mama, mimi najua kabisa kwamba pale panapita sanamu," alisema. "Ndiyo kazi yangu. Na sikumwona."

Fundi alilipokea lile neno kama ametupiwa usoni. Akamwambia Mhandisi anataka kupanda garini, warudie. Mhandisi alisita, akasema si salama, akasema nguo zitalowa, mwishowe akautazama uso wa yule mama na akaacha kutoa sababu. Wakamuunga Mjomba mkono wake, wakamrudisha mwanzo wa waya, wakamfunga fundi mkanda kwenye kiti cha mbele. Walipunguza mwendo kwa ajili yake.

Hakuna mtu duniani aliyelijua koti lile kuliko yeye. Alijua kila mshono, alijua linatokea upande gani, alijua wapi litakatiza. Alitoa macho mpaka yakauma. Waipa zilikwenda na kurudi. Aliona lami, aliona maji yanayomulikwa na taa, aliona miti. Aliona lami tena. Kisha kishindo kwenye boneti, na ndipo alipouona uso, umelala kwenye kioo mbele yake.

Hakulia. Aliomba afunguliwe mkanda. Vijana walikuwa wakimwita aje amtazame Mjomba, maana safari hii kifua kilikuwa kimepasuka, lakini aliwapita akaenda kusimama peke yake mwisho wa uwanja. Alikumbuka maduka yale yote. Alikumbuka vitambaa vya kijivu, vya bluu, vya bei nafuu vinavyometameta, ambavyo muuzaji alimsihi achukue, na ambavyo yeye kwa jeuri yake ya fundi alivisukuma kando. Alimpenda mume wake na alitaka avae kizuri. Alimtafutia kitu kizuri kiasi kwamba macho ya ndugu yake mwenyewe hayakumwona, kisha akamtesa ndugu huyo kwa miaka kwa kuwa alisema hivyo. Jambo hili lilimuuma kuliko kifo chenyewe, maana siku zote aliamini kifo kile hakina mkono wake ndani.

Asubuhi alikwenda kiwanda cha mikate. Alimkuta shemeji ghalani, mweupe wa unga mpaka kope, gunia begani.

"Siku ile simu ilikuwa wapi?"

Shemeji alitua gunia. "Shemeji, hayo si yalikwisha?"

"Ilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Iliisha chaji nikaiacha."

"Sasa kwa nini uliniambia vile?"

"Ulitaka nifanye nini?" Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza fundi zaidi. "Mama alikuwa anakwenda. Ukweli nilikuambia miaka yote, mlango haukufunguka. Nikasema ngoja nijaribu uongo."

Fundi alimweleza. Alimweleza kuhusu kitambaa, kamera, dereva wa majaribio, na jinsi yeye mwenyewe alivyokaa kiti cha mbele akitazama kwa macho yake na asione kitu. Maneno yalimtoka ovyo, mengine mara mbili. "Ni koti, shemeji. Ni mimi niliyelitafuta. Wewe hukumwona. Hakuna ambaye angemwona."

Shemeji alikaa juu ya gunia. Alifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kumtikisika, na machozi yakachora mistari kwenye unga.

"Unajua," alisema baadaye, "nilikuwa nimeanza kuiona. Hiyo simu. Nikilala naiona iko mkononi, nasoma. Mlisema sana mpaka ikawa kweli."

"Nitawaita wote," fundi alisema. "Familia nzima, na wale wa mazikoni, na majirani. Nitasimama niseme mimi ndiye niliyekulazimisha, na nitawapeleka wakalione koti. Kila aliyesikia ya simu atasikia na haya. Nakuahidi, hatabaki hata mmoja."

Shemeji aliutazama mlango wa ghala, ambako watu walikuwa wakipita na trei za mikate.

"Na mama je?" aliuliza. "Mama utamwambia vipi?"

Fundi alikaa kwenye gunia kando ya shemeji yake, gauni lake likajaa unga, na wakabaki hivyo mpaka msimamizi alipokuja kuuliza mbona unga haufiki jikoni.